Nahodha Mmoja, Vyombo Ishirini: Kilio cha Wasomaji wa Vogue Italia

Kwa miaka kadhaa sasa wapenzi wa jarida la mitindo la Vogue Italia wamekuwa wakibishana juu ya jambo moja: je, jarida lao limepoteza mwelekeo, au ni wao wenyewe waliozeeka? Wanaolalamika hawasemi kwamba picha zimekuwa mbaya. Wanakiri kuwa mavazi bado ni ya wabunifu mashuhuri, na wanamitindo bado wanapendeza. Wanachosema ni kwamba picha hizo hazikai akilini. Ukifunika jina la jarida kwa kiganja, wanasema, huwezi kujua kama ulichoshika ni toleo la Italia, la Ufaransa au la Hispania.

Mwanamke wa pwani angeyaelewa upesi malalamiko haya. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Pindo na mji humvutia mtu angali mbali. Jina ndilo linalosema na jirani. Wasomaji hawa wanadai kwamba wanauziwa kanga yenye pindo safi na mji uliopangika vizuri, lakini jina limefutwa.

Wapo watakaouliza mjadala kuhusu mavazi ya matajiri wa Ulaya unatuhusu nini sisi ambao kwa kawaida hujadili hapa bajeti, katiba na halmashauri. Jibu langu ni kwamba wasomaji wa Milan, pengine bila kukusudia, wameanzisha mjadala wa madaraka. Wanadhani wanazungumzia ladha. Mimi naona wanazungumzia taasisi. Nitajaribu kuonyesha kwamba kilichopungua katika jarida lile si kipaji. Kilichoondoka ni mamlaka ya mhariri aliye karibu na wasomaji wake kuamua jambo, na kubeba lawama ya uamuzi huo.

Tuanze na historia. Franca Sozzani, mzaliwa wa Mantua, alikabidhiwa uhariri mkuu wa Vogue Italia mwaka 1988, mwaka uleule Anna Wintour alipokabidhiwa toleo la Marekani. Nafasi zao hazikulingana. Toleo la Marekani lilikuwa likiuza zaidi ya nakala milioni moja, tena kwa lugha inayosomwa karibu dunia nzima. La Italia lilikuwa na sehemu ndogo tu ya wasomaji hao, na lugha yake haikuvuka mipaka kwa urahisi. Sozzani akaugeuza udhaifu huo kuwa sera. Kama Kiitaliano hakisomwi New York wala Tokyo, basi picha ndiyo itakuwa lugha. Akamwita Steven Meisel, mpiga picha wa Kimarekani, ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini alipiga karibu kila jalada.

Matokeo yake yanafahamika. Julai 2005 jarida lilitoa mfululizo wa picha kuhusu wanawake matajiri wanaojipeleka kwa madaktari wa upasuaji wa urembo, wakiwa na bandeji usoni na majeraha mabichi. Septemba 2006 likageukia hofu ya ugaidi, likaonyesha wanawake waliovaa vizuri wakipekuliwa na kudhalilishwa na walinzi. Agosti 2010, miezi michache baada ya mtambo wa Deepwater Horizon kulipuka katika Ghuba ya Mexico na kuua wafanyakazi 11, jarida lilimlaza mwanamitindo juu ya miamba, amejaa mafuta mazito kama ndege wa baharini aliyenaswa.

Lililotugusa zaidi Waafrika ni toleo la Julai 2008. Wakati huo ilikuwa ni kauli ya kawaida katika biashara ya mitindo kwamba sura nyeusi haiuzi. Sozzani akatoa toleo ambalo wanamitindo wake walikuwa weusi. Mmoja wa waliopamba majalada yake alikuwa Liya Kebede, mzaliwa wa Addis Ababa. Pamoja naye walikuwamo Naomi Campbell na Jourdan Dunn wa Uingereza. Toleo hilo lilikwisha madukani, likalazimika kuchapishwa tena. Kauli ya kwamba sura nyeusi haiuzi haikufa siku ile, lakini tangu hapo aliyeitamka alilazimika kutafuta ushahidi mwingine.

Sozzani alifariki dunia Desemba 2016, akiwa na umri wa miaka 66. Hapo ndipo ubishi wa wasomaji ulipoanza, na ndani yake kuna maelezo makuu mawili yanayoshindana.

Maelezo ya kwanza ni mepesi: gwiji kafa, na magwiji hawazaliwi kila siku. Naheshimu huzuni iliyomo ndani ya maelezo haya, lakini ushahidi unayakataa. Mrithi wake, Emanuele Farneti, aliyeteuliwa mwanzoni mwa 2017, alikuwa mtu wa tabia tofauti kabisa, na si kila msomaji alimpenda. Hata hivyo, toleo la Januari 2020 lilitoka bila picha hata moja ya mitindo iliyopigwa kwa kamera. Wasanii walichora mavazi kwa mkono. Farneti alieleza kwamba kuandaa picha za toleo moja kubwa kunahitaji ndege, magari na umeme mwingi, na kwamba jarida linalohubiri utunzaji wa mazingira lazima lianze kwa kujihesabu lenyewe. Sehemu ya fedha zilizookolewa ilipelekwa kwa taasisi ya utamaduni mjini Venice iliyokuwa imeharibiwa na mafuriko ya Novemba 2019.

Miezi mitatu baadaye ukaja ugonjwa wa Korona. Jimbo la Lombardia, ambalo Milan ni makao yake makuu, lilikuwa kitovu cha maafa hayo nchini Italia. Toleo la Aprili 2020 lilitoka na jalada jeupe, bila picha. Nyeupe ya sare za madaktari na wauguzi, alieleza mhariri. Nyeupe ya heshima kwa wafu na ya ukurasa ambao bado haujaandikwa. Jalada lile liliamuliwa na watu waliokuwa wamefungiwa katika mji uleule uliokuwa ukizika watu wake. Mtu aliyekaa mbali angeweza kulibariki. Sidhani kama angeweza kulibuni. Kwa hiyo ujasiri haukuzikwa na Sozzani. Ulibaki katika kiti, na aliyekalia kiti hicho aliweza kuutumia kwa namna yake.

Maelezo ya pili ni ya fedha. Majarida ya aina hii hulishwa na matangazo kuliko bei ya nakala, na matangazo yamehamia kwenye simu za mkononi. Hili ni kweli, wala si dogo. Iliripotiwa kwamba kampuni mama ya Condé Nast ilipoteza zaidi ya dola milioni 120 nchini Marekani katika mwaka 2017 pekee. Mwaka huohuo, huko Italia, majarida kadhaa yaliyozunguka Vogue yalifungwa, likiwamo lile la wanaume, ingawa hilo lilirudishwa mwaka uliofuata. Mwenye nyumba inayovuja hawezi kulaumiwa kwa kutafuta fundi.

Lakini ukata unatueleza kwa nini jarida limekuwa jembamba. Hautuelezi kwa nini limekuwa kama wenzake. Masikini anaweza kuwa na sauti yake. Vogue Italia yenyewe ilikuwa toleo dogo tangu mwanzo, na udogo wake ndio uliomfanya Sozzani athubutu. Ili kuelewa kufanana huko, lazima tutazame dawa iliyochaguliwa kutibu ukata.

Dawa hiyo ilikuwa kuunganisha. Kampuni ilikuwa na mikono miwili, mmoja wa Marekani na mwingine wa kimataifa, na mikono hiyo ikafanywa mmoja chini ya mkurugenzi mkuu mmoja mwaka 2019. Septemba 2020 matoleo 26 ya Vogue duniani yalipewa dhamira moja ya pamoja, nayo ilikuwa tumaini. Desemba mwaka huo Anna Wintour akafanywa msimamizi wa maudhui ya kampuni nzima na mkurugenzi wa uhariri wa Vogue kote duniani. Katika miezi iliyofuata wahariri wakuu wa muda mrefu waliondoka mmoja baada ya mwingine: Ujerumani, Ufaransa, na Julai 2021 Farneti mwenyewe. Walioingia baada yao hawakupewa cheo cha mhariri mkuu. Walipewa cheo cha mkuu wa maudhui ya kihariri. Ndicho alichopewa Francesca Ragazzi huko Milan mwaka 2021, ndicho alichopewa Chioma Nnadi huko London, na mwaka 2025, Wintour alipoachia kazi za kila siku za toleo la Marekani, ndicho alichopewa Chloe Malle huko New York.

Naomba nieleweke. Sina sababu ya kudharau vipaji vya watu hawa, na wasomaji wanaowashambulia kwa majina wanakosea shabaha. Hoja yangu ni juu ya cheo chenyewe. Neno mhariri katika mapokeo ya uandishi lina uzito wake: ni mtu mwenye kalamu ya mwisho, anayeweza kusema ndiyo au hapana, na ambaye jina lake huandikwa kwenye hati ya mashtaka gazeti likishtakiwa. Neno maudhui halina mwenyewe. Maudhui ni kitu kinachojazwa kwenye chombo, kikamiminwa kwenye chombo kingine. Picha zilizopigwa kwa ajili ya toleo moja zikiweza kutumika katika matoleo kumi, mhasibu hufurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini picha inayopaswa kukubalika katika nchi kumi kwa pamoja lazima iondolewe kila kitu kinachoweza kuikera hata nchi moja. Baki yake ndiyo hiyo wasomaji wanayoiita nzuri isiyokumbukwa. Tembo limetiwa maji, na mgema si wa hapa kijijini.

Wahenga walituonya kwamba nahodha wengi chombo huenda mrama. Hawakutuachia methali kuhusu nahodha mmoja wa vyombo zaidi ya ishirini, kila kimoja kikiwa katika bahari yake. Labda hawakudhani kwamba kuna mtu angejaribu.

Kuna kejeli ndani ya jambo hili ambayo haifai kupita bila kutajwa. Jalada la kwanza la Wintour kwa toleo la Marekani, Novemba 1988, lilimwonyesha msichana akicheka barabarani, amevaa koti la thamani la Christian Lacroix juu ya suruali ya jinzi. Wintour amesimulia kwamba wachapaji walipiga simu kuuliza kama hakuna kosa lililotokea. Halikuwa kosa. Lilikuwa ni uamuzi wa mhariri mpya aliyepewa nafasi ya kuamua, na leo linahesabiwa miongoni mwa majalada yaliyobadilisha uwanja huo. Mfumo uliojengwa chini ya usimamizi wake unampa nani leo nafasi kama ile aliyopewa yeye?

Sasa nijibu pingamizi, kwa maana liko moja zito. Mtu atasema: mnamsifu Sozzani kana kwamba hakukosea. Alikosea, tena hadharani. Mwaka 2011 tovuti ya jarida lake ilitangaza hereni kubwa za duara kwa jina lililowahusisha na watumwa, jambo lililowaudhi watu weusi pande nyingi za dunia hadi jarida likalazimika kuomba radhi. Zile picha za mafuta za 2010 zilishutumiwa kwa kugeuza maafa kuwa pambo. Toleo la Aprili 2014, lililodai kupinga ukatili dhidi ya wanawake kwa kuiga filamu za kutisha, liliwakera hata baadhi ya waliounga mkono nia yake. Mkuu wa makao makuu atasema: tazameni, ndiyo maana tunahitaji usimamizi wa pamoja.

Nalijibu hivi. Katika kila kosa lile, msomaji alijua wa kumlaumu. Kulikuwa na jina, kulikuwa na mlango wa kubisha, na aliyekuwa nyuma ya mlango huo alilazimika kujieleza. Makosa yale na toleo la Julai 2008 yalitoka mkono mmoja, na huwezi kuufunga mkono huo usikosee bila kuufunga usitende. Taasisi isiyomruhusu mtu wake kukosea imechagua, ijue isijue, kutofanya jambo lolote la kukumbukwa. Mbaya zaidi, makosa hayaishi kwa kupelekwa juu. Yanakosa mwenyewe tu. Toleo likidorora leo, msomaji wa Milan amlaumu nani? Mkuu wa maudhui atasema dhamira ilitoka makao makuu. Makao makuu yatasema utekelezaji ulikuwa wa Milan.

Watumishi wa umma mnaosoma makala hii nadhani mmeanza kutabasamu, maana lugha hii mnaifahamu. Nchi yetu iliwahi kulifanya jaribio hili kwa kiwango kikubwa kuliko jarida lolote. Mwaka 1972 Tanzania ilianzisha mpango uliopewa jina zuri la Madaraka Mikoani. Jina lilisema madaraka yanashuka kwa wananchi; kwa vitendo, halmashauri zilizochaguliwa zilifutwa na nafasi zao zikachukuliwa na maofisa waliowajibika kwa serikali kuu. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vya wakulima navyo vikavunjwa. Wenye nia hiyo hawakuwa waovu. Walitaka ufanisi, walitaka mpangilio, walitaka kuokoa fedha na kuharakisha maendeleo. Sheria za mwaka 1982 zilirudisha serikali za mitaa, zikaanza kazi 1984, na Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipohojiwa katika mwaka huo wa 1984, alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya.

Silinganishi uzito wa mambo haya. Mkulima aliyenyang'anywa ushirika wake na msomaji aliyenyang'anywa jalada zuri hawana machungu sawa. Nalinganisha namna jambo lenyewe linavyotendeka. Kwanza hubadilishwa cheo, na jina jipya husikika la kisasa kuliko la zamani. Kisha ofisi ya chini hubaki na samani zake, wafanyakazi wake na kibao chake mlangoni, lakini uamuzi umehama. Mwishowe wananchi huanza kusema kwamba ofisi imekosa watu wenye kipaji, kumbe vipaji vimo ndani vimekaa vikisubiri kibali.

Liko jambo la mwisho linaloihusu Afrika moja kwa moja. Mwaka 2018, akiwa Lagos kwa maonyesho ya mitindo, Naomi Campbell alitoa wito kwamba wakati umefika wa kuwa na Vogue ya Afrika. Wito huo uliungwa mkono na wengi, na hadi naandika haya haujatimizwa. Wabunifu wetu, kuanzia Lagos hadi Nairobi na Dar es Salaam, wanastahili jarida kubwa linalowatazama kwa macho ya hapa. Lakini mjadala wa wasomaji wa Italia unatupa swali la kuuliza kabla ya kushangilia. Toleo hilo likija, litakuja na mhariri au na mkuu wa maudhui? Kuna matoleo, kama ya Ureno na ya Poland, yanayoendeshwa kwa leseni na wachapishaji wa nchi hizo, na kuna yale yanayomilikiwa na kampuni yenyewe. Tofauti hiyo ya mkataba ina uzito kuliko sherehe ya uzinduzi. Je, atakayekaa katika kiti cha Afrika ataweza kuweka jalada ambalo New York hawalielewi? Ataweza kuandika Kiswahili bila kuomba ruhusa? Ataweza kutoa toleo zima juu ya mitumba inayojaa Gikomba na Karume, na kuwauliza wenye matangazo yake nguo hizo zilianzia wapi? Kama jibu ni hapana, tutakuwa tumepewa pindo na mji, na jina tutaambiwa tusubiri.

Kwa hiyo siwaungi mkono wanaowaambia wasomaji wa Vogue Italia waache kulia kwa ajili ya zamani. Kilio chao kina haki, ila kimeelekezwa pasipostahili. Waache kuuliza Sozzani mwingine atatoka wapi. Waulize maswali matatu ambayo raia yeyote anapaswa kuyauliza katika ofisi yoyote. Ni nani hapa anayeweza kusema ndiyo bila kupiga simu mahali pengine? Likiharibika, ni nani atakayesimama mbele yetu kuomba radhi kwa jina lake? Na akifanya vizuri jambo ambalo wakubwa wake hawakulitaka, ni nani atakayemlinda?

Wanafunzi wangu watakaoingia kazini mwaka huu, wawe katika chumba cha habari, katika wizara au katika shirika la kiraia, nawasihi wayachukue maswali hayo waende nayo siku ya usaili. Mwombaji kazi naye ana haki ya kuuliza. Ofisi ikishindwa kuyajibu, wajue mapema kwamba wanaajiriwa kujaza chombo.